Kuchora barabara ya mashambani na maua mwitu kwenye kompyuta: ardhi kwanza, maua mwisho

Karibu kila anayeanza kuchora mandhari ya barabara na maua mwitu huanza na ua. Nami nilianza hivyo. Nilikaa jioni nzima nikilipamba ua moja jekundu mbele ya picha, petali kwa petali, nikaongeza la pili, la kumi, la hamsini, ndipo nikapitisha barabara katikati. Kila ua peke yake lilipendeza. Lakini yote yalielea hewani, na barabara ilisimama wima nyuma yake kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Picha ile sikuweza kuiokoa, maana hapakuwa na ardhi ya kuyabeba maua yale.

Mwongozo huu basi unakwenda kinyume na hamu ya mkono: ardhi kwanza, barabara ilale juu yake, mwanga uviguse vyote viwili, maua yaje mwisho.

Vifaa na ukubwa wa turubai

Ninatumia Krita, programu ya kuchorea isiyo na malipo inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kama umezoea programu nyingine, endelea nayo. Mradi ina matabaka (kurasa angavu zinazolaliana), hali za kuchanganya rangi (namna rangi ya tabaka inavyoungana na zilizo chini yake) na brashi zinazosikia mkandamizo wa kalamu, hatua ni zilezile. Tableti ya kuchorea inasaidia sana, hasa kwenye nyasi, kwa sababu jani la nyasi ni mstari unaoanza kwa nguvu na kuishia kwa wepesi. Kwa kipanya inawezekana, ila utategemea zaidi brashi za kugonga muhuri kuliko mistari ya mkono.

Kwa picha ya kutazamwa kwenye skrini, fungua turubai la pikseli 3840 kwa 2160. Ukitaka kuichapisha kwenye karatasi ya A3, unahitaji 4961 kwa 3508, yaani nukta 300 kwa inchi. Hesabu zote zinazofuata ni za turubai la 3840 kwa 2160.

Hatua ya 1: Amua umesimama wapi na jua liko wapi

Usiliguse turubai kubwa bado. Chora michoro midogo mitano au sita, kila mmoja usiuzidi ukubwa wa kiberiti, ukitumia viwango vitatu tu: cheupe, kijivu na cheusi. Dakika tatu kwa kila mmoja zinatosha. Huhitaji maua humo wala majani. Unatafuta mgawanyo: mbingu inachukua kiasi gani, barabara inaingilia wapi, doa kubwa la giza liko wapi.

Upeo wa macho usiukate katikati ya picha. Ukiupandisha hadi theluthi ya juu, ardhi inapata nafasi na maua yanatawala. Ukiushusha, picha inakuwa ya mawingu. Kwa somo letu upandishe. Barabara nayo isiingie kutoka kwenye pembe kabisa ya picha, kwa kuwa pembe huvuta jicho nje. Iingie pembeni kidogo, ipinde, ipotee nyuma ya mwinuko, kisha itokeze tena mbali ikiwa nyembamba. Kule kupotea na kutokea tena ndiko kunakomwambia mtazamaji kwamba ardhi ina mabonde, hata kama hujachora bonde lolote.

Kuhusu jua, mimi hulipendelea likiwa upande mmoja na mbele kidogo, saa za asubuhi au jioni, ili mwanga upenye kwenye petali na majani ukinijia. Jua likiwa nyuma ya mgongo wako, kila kitu kinaangazwa sawasawa na nyasi zinageuka zulia. Andika uamuzi wako kwenye tabaka la pembeni: mshale mmoja wa mwelekeo, na urefu wa jua angani. Likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli cha kitu kwenye ardhi tambarare kina urefu sawa na kitu chenyewe. Likishuka hadi nyuzi 30, kivuli kinafika karibu mara 1.7. Utauhitaji mshale huo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Upeo wa macho ndio rula yako

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, kwa sababu hatua hii ndiyo inayoilaza barabara chini.

Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho unapita kwenye kimo cha macho yako, hata uwe umesimama wapi. Mtu mwenye macho mita 1.6 kutoka chini ataona kila kitu chenye mita 1.6 kikigusa upeo, kiwe karibu au mbali. Maana yake ni kwamba popote utakapoweka nukta juu ya ardhi, umbali kutoka nukta hiyo kupanda hadi kwenye upeo ni mita 1.6 za mahali pale. Umeshapata kipimo.

Tuseme barabara ina upana wa mita 3.2. Hiyo ni mara mbili ya 1.6. Basi popote pale, upana wa barabara inayokwenda mbele yako ni mara mbili ya umbali wake kutoka kwenye upeo. Pikseli 600 chini ya upeo, barabara ina pikseli 1200. Pikseli 100 chini ya upeo, ina 200. Pikseli 20 chini ya upeo, ina 40 tu. Weka alama hizo, ziunganishe kwa mkono, na barabara italala yenyewe.

Sasa angalia tatizo linalojitokeza. Ukiweka upeo kwenye theluthi ya juu, kutoka hapo hadi ukingo wa chini wa picha kuna pikseli 1440. Barabara pale chini itakuwa na upana wa pikseli 2880, yaani robo tatu ya turubai zima! Maua utayaweka wapi? Wengi wakifika hapa huibana barabara kwa nguvu ili maua yapate nafasi, na ndipo inapogeuka ngazi. Ziko njia tatu za kweli. Unaweza kuifanya barabara iwe ya gari moja dogo, mita 2.4, ambayo ni mara 1.5 ya umbali. Unaweza kupanda juu ya tuta, macho yako yawe mita 3.2 juu ya barabara, na hapo upana unalingana na umbali kutoka upeo, pikseli 1440 pale chini. Au, na hii ndiyo ninayoipenda, unaondoka katikati ya barabara na kusimama ndani ya maua, barabara ikipita kando yako na sehemu yake kubwa ikikatwa na ukingo wa picha.

Rula hiyohiyo inapima mimea. Ukisimama kwa macho ya mita 1.6, mmea wa sentimita 40 ni robo ya umbali: pikseli 150 ukiwa pikseli 600 chini ya upeo, 25 ukiwa pikseli 100, na 5 ukiwa 20. Ukichuchumaa hadi macho yafike sentimita 80, mmea uleule unakuwa nusu ya umbali na shamba zima linainuka mbele yako. Nguzo ya uzio, mti, mtu anayetembea, vyote vinapimwa namna hiyo.

Kona za barabara zina sheria moja ndogo. Kila kipande kilichonyooka kina nukta yake ya kutokomea, yaani pale kingo zake mbili zinapoonekana kukutana mbali, na vikiwa tambarare nukta zote zinakaa kwenye mstari wa upeo. Kipande kinachopanda kilima kina nukta juu ya upeo. Kinachoteremka, chini yake. Krita ina kifaa cha wasaidizi wa kuchora, ukiwemo wa nukta ya kutokomea, unaoushika mkono wako kwenye mstari sahihi. Kitumie kwa vipande viwili au vitatu vikuu, kisha kizime. Barabara ya vumbi iliyonyooka kama rula haipo.

Hatua ya 3: Madoa makubwa ya rangi

Fungua matabaka matano, kuanzia chini: mbingu, vilima vya mbali, shamba la kati, shamba la karibu, barabara. Chukua brashi pana yenye ukingo mgumu, ujaze kila moja kwa rangi moja au mbili. Usitumie brashi laini ya kunyunyiza hapa. Inazalisha ukungu kila mahali kabla hujaamua ukungu uwe wapi.

Mbingu iwe bluu iliyokolea juu na ipauke ikishuka kwenye upeo. Vilima vya mbali vipauke na kuelekea bluu. Leonardo da Vinci aliueleza mpauko huu wa umbali zaidi ya miaka 500 iliyopita, na mwaka 1871 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza sababu ya bluu yenyewe: chembe ndogo sana zilizo hewani hutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu. Kati yako na kilima kile kuna hewa nyingi iliyomulikwa na jua, nayo hukaa juu ya sehemu zenye giza kama pazia. Kwa hiyo giza ndilo linalobadilika zaidi. Kivuli cha mti ulio mbali hakiwezi kuwa cheusi kama kivuli cha kichaka kilicho miguuni pako. Ukikosea hapo, kilima chote kinasogea mbele na kukaa juu ya maua yako.

Kuna njia nyepesi ya kukagua. Juu ya matabaka yote weka tabaka jipya, lijaze rangi nyeusi, kisha hali yake ya kuchanganya uifanye Color. Picha yote inageuka nyeusi na nyeupe. Lizime, endelea kuchora, liwashe tena kila baada ya nusu saa. Kama ukiliwasha barabara haionekani tena, tatizo lako ni la mwanga na giza, na hakuna rangi itakayolitibu.

Hatua ya 4: Barabara

Udongo mkavu unarudisha mwanga mwingi, hivyo barabara ya vumbi kwa kawaida ni nyeupe kuliko nyasi zilizo kando yake. Ukiloa unakuwa mweusi zaidi. Amua kama mvua imenyesha au la, kwa kuwa picha nzima inafuata jibu hilo.

Barabara hii haina rangi moja. Magurudumu yamepita mahali palepale miaka nenda miaka rudi, yakakandamiza njia mbili ngumu zilizopauka; katikati yake, ambapo gurudumu haligusi, nyasi fupi zimeota. Chora njia hizo mbili kwanza, kisha utepe wa nyasi wa katikati, kisha kingo. Kingo zivunjike: hapa nyasi zimeingia barabarani, pale udongo umemomonyokea kwenye mtaro. Viboko vya brashi viende mlalo, vipana chini ya picha na vyembamba zaidi kadiri unavyopanda. Mawe machache mbele, yenye vivuli vyao. Mbali, hapana hata moja.

Kitu kinachofanya kazi kubwa kwa juhudi ndogo ni kivuli cha mti kinachokatiza barabara. Fungua tabaka juu ya barabara, hali ya Multiply (inayotia giza kilicho chini yake), rangi ya bluu yenye kijivu, chora kivuli kikivuka. Kikifika kwenye njia ya gurudumu kishuke kidogo, kikifika kwenye tuta la katikati kipande, kikitoka kwenye ukingo kipande zaidi. Mstari huo mmoja unaonyesha umbo lote la barabara. Bluu inatoka wapi? Mahali ambapo jua halifiki, mbingu bado inafika, na mwanga wake ni wa bluu.

Ukipenda dimbwi, liwe bapa kabisa na rangi yake uichukue mbinguni. Katika Krita unashikilia Ctrl na kugusa mahali unapotaka kuchukua rangi.

Hatua ya 5: Nyasi, bila kuzihesabu

Nyasi ni kitanda cha maua, na kitanda hakitakiwi kumshinda anayelala. Anza na rangi ya giza ya kati kila mahali. Kisha weka mafungu ya mwanga juu yake, ukikumbuka mshale wa jua. Jani ambalo jua linapita ndani yake linaelekea manjano na kung'aa. Jani linaloakisi mbingu kwa uso wake linaelekea bluu na kijivu. Ukiwa na kijani hizo mbili pamoja na ile ya giza, umeshatoka kwenye kijani ile moja ya dukani inayoua mandhari nyingi.

Majani ya nyasi moja moja chora sehemu tatu tu: pale nyasi zinapokutana na barabara, pale fungu la mwanga linapokutana na la giza, na kwenye ukingo wa chini wa picha. Kwingine acha madoa. Jicho la mtazamaji litajaza lenyewe.

Hatua ya 6: Maua

Rudi kwenye rula. Ua lenye kichwa cha sentimita 4, kwa macho ya mita 1.6, ni sehemu moja ya arobaini ya umbali kutoka upeo. Pikseli 600 chini ya upeo lina pikseli 15. Pikseli 100 chini ya upeo, lina 2.5. Pikseli 20, lina nusu pikseli. Tazama maana yake: sehemu kubwa ya shamba lako haina maua hata kidogo, ina rangi tu. Ua lenye umbo liko mbele pekee.

Kwa hiyo mbali weka tepe nyembamba za rangi, mlalo kabisa, zikikatika na kuungana. Ukolevu uwe mdogo. Jekundu la mbali liwe karibu na udongo uliopauka. Shamba la kati linapokea nukta, lakini ziwe mviringo bapa, kwa sababu kutoka pale uliposimama unaviona vichwa vya maua kwa ubavu. Mbele ndipo panapostahili petali, mabua na matumba.

Yapange yanavyoota. Mbegu nyingi huanguka karibu na mmea mama, hivyo maua hukaa kwa makundi, mazito katikati na machache pembeni, na mawili matatu yaliyotoroka. Kwenye mtaro wenye unyevu kuna aina moja, kwenye tuta kavu nyingine. Marefu hukaa mbali na gurudumu. Kwenye utepe wa katikati hubaki yale mafupi yanayotambaa. Ukiyasambaza sawasawa kila mahali utapata kitambaa cha maua.

Rangi pia zipewe vyeo. Moja itawale, ya pili isaidie, ya tatu ionekane mara chache. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alionyesha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zinazopingana zikikaa pamoja kila moja huonekana kali zaidi. Jekundu juu ya kijani ni mfano kamili, na ndiyo sababu huhitaji kuchukua jekundu lililokolea hadi mwisho. Chukua lililopungua kidogo. Kijani itafanya kazi iliyobaki. Halafu washe tabaka lako la kukagua: nyekundu na kijani zikiwa na mwanga sawa, maua yote yatatoweka kwenye kijivu. Yapandishe kidogo au ushushe nyasi nyuma yake.

Kwa maua ya kati tengeneza brashi ya muhuri. Chora maumbo matano kwenye turubai dogo: ua kwa ubavu, ua lililoinama, lililogeuka nyuma, tumba, na lililopukutika nusu. Krita inakubali ncha ya brashi yenye picha kadhaa inazozibadilisha bila mpangilio unapochora. Ukubwa ufuate mkandamizo wa kalamu, mzunguko uyumbe kidogo tu, kwani ua lililopinduka kichwa chini hukamatwa na jicho mara moja. Tumia brashi hii kwenye matabaka matatu, la nyuma likiwa limepauka na la mbele likiwa kali, na kati ya hayo weka nyasi nyingine. Nyasi zikipita mbele ya ua, ua linazama shambani. Hapo ndipo kuelea kunapokwisha.

Ya mbele yachore kwa mkono, saba hadi kumi na mawili, si zaidi. Anza na bua kutoka ardhini, si petali. Kila bua liwe na mahali linapoota, na kivuli kidogo pale. Kichwa cha ua kiwe sahani iliyoinama: chora mviringo bapa kwanza, petali zifuate mviringo huo, zile za upande wa kwako zikionekana fupi. Jua likiwa mbele yako, petali linawaka kama kioo chenye rangi. Linakolea na kuwa na joto pale mwanga unapopenya, na mahali petali mbili zinapolaliana panakuwa na giza zaidi. Hapo, na hapo tu, ruhusu ukolevu wote. Maua meupe usiyape nyeupe kamili isipokuwa kwenye ncha chache zinazopigwa na jua; kivulini ni ya bluu yenye kijivu, na yatabaki kuonekana meupe.

Hatua ya 7: Kuunganisha

Bonyeza M kwenye Krita ili picha igeuke kama kwenye kioo. Barabara iliyoegemea upande mmoja bila wewe kujua itajitaja. Rekebisha, geuza tena.

Juu ya matabaka yote ongeza pazia jepesi la rangi ya mbingu ya upeoni kwenye vilima na shamba la mbali tu, uwazi mkubwa. Kisha punguza. Tafuta mahali ambapo maua mawili yanagombania jicho na ufute moja. Tafuta ukingo mkali ulio mbali na kona ya barabara na uulainishe. Mimi huiacha picha hadi kesho yake kabla ya kufuta la mwisho, kwa kuwa siku ileile kila ua bado linaniuma kulitoa.

Hifadhi faili lenye matabaka katika muundo wa Krita wenyewe, .kra, na utoe nakala ya PNG yenye wasifu wa rangi wa sRGB, kiwango cha rangi cha kawaida cha skrini. Ifungue nakala hiyo kwenye simu, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa, na uunyooshe mkono. Kwa ukubwa huo huwezi kuona petali. Ukiona barabara inakwenda na shamba limelala kando yake, ipeleke kwa watu. Ukiona madoa ya rangi tu, rudi kwenye hatua ya 3 na lile tabaka la kukagua.